Kwa Nini Jagi la Maji Hushindwa na Soda

Kaa kwenye benchi la mama lishe saa saba mchana, Buguruni au Manzese, umwangalie mteja akishanawa. Mezani kuna wali maharage, jagi la plastiki lililojaa maji, na kikombe kimoja kinachozunguka kwa wote. Pembeni kuna friji, na ndani ya friji kuna soda. Mwenye pesa ya ziada huagiza soda. Asiyekuwa nayo hulivuta jagi, huchungulia ndani, kisha hunywa. Mwulize yule wa soda kwa nini asinywe maji. Mara nyingi hatakujibu kwamba anapenda sukari. Atamgeukia mwenye chakula na kuuliza, "Mama, maji ya wapi haya?"

Ni swali la haki, na wanaotushauri kuhusu afya hawalijibu. Kliniki ya kisukari inatuambia tuache soda, tunywe maji. Msimu wa kipindupindu ukiingia, bwana afya anatuambia tuyaogope maji. Kila mmoja yuko sahihi ofisini kwake, lakini mnywaji ni yuleyule mmoja. Mimi naona soda imeshika miji yetu kwa sababu, mbali na utamu, ni kinywaji kinachoaminika: imezibwa kiwandani, ladha yake ya Mtwara ndiyo ya Mwanza, na anayeifungua hajiulizi nani aliichota na kwa mkono gani. Kwa hiyo kisukari na kuhara, ambavyo wizara yoyote huviweka kwenye mafaili mawili tofauti, vinakutana mezani pale kwa mama lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wa Tanzania. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2015, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Ukimwokoa mtu na kimoja kwa kumsukumia kwenye kingine, hujamsaidia.

Suala la kiasi tulimalize mapema, maana halina mengi. Ile amri ya glasi nane kwa siku wengi tumeimeza bila kuuliza ilikotoka. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku, ikaongeza hapo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Maelezo hayo ya pili yakasahaulika. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2010, ilitaja lita mbili kwa mwanamke na mbili na nusu kwa mwanamume, chakula na vinywaji vyote vikihesabiwa pamoja. Uji, mchuzi wa maharage, chungwa na tikiti vyote vimo kwenye hesabu hiyo. Chai nayo imo; yale maneno kwamba chai na kahawa hukausha mwili hayana uzito kwa mtu anayekunywa vikombe viwili vitatu. Anayekaa ofisini kivulini anaweza kuongozwa na kiu yake na rangi ya mkojo wake: ukiwa wa njano iliyokolea, aongeze maji.

Fundi mwashi wa Mbezi na kuli wa Kariakoo hesabu yao ni nyingine. Juani kiu huchelewa. Ikifika, mwili umeshapungukiwa. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani huwashauri wanaofanya kazi za sulubu kwenye joto wanywe kikombe kimoja, kama robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo inakaribia lita moja kwa saa. Zidisha kwa siku ya kazi ya Januari, halafu zidisha kwa bei ya maji ya chupa, ulinganishe na ujira wa kutwa. Wazee nao wana shida inayofanana: kiu yao hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo bibi anayesema "sina kiu, mwanangu" aletewe tu kikombe chake.

Turudi kwenye swali la maji ya wapi. Kwa Dar es Salaam jibu fupi ni Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Mtamboni maji hutulizwa tope, huchujwa, hutiwa klorini. Yakitoka pale ni maji ya kunywa. Jibu refu ni habari ya yanayoyapata njiani, na huko ndiko maji yetu yanakoharibikia.

Chukua mgawo, kama ule wa Oktoba na Novemba 2022 mto ulipopungua kwa ukame. Watu huona shida ya mgawo ni kukosa maji. Ipo shida nyingine isiyoonekana. Bomba likiwa limejaa, msukumo wa ndani huzuia uchafu usiingie hata pale lilipopasuka, kwa sababu maji hutoka nje. Likiwa tupu, mambo hugeuka: bomba lenye ufa linalokatiza kwenye mtaro hunyonya maji ya mtaro. Siku maji yanaporudi na mtaa mzima unakimbilia na ndoo kwa furaha, yale ya mwanzo ndiyo mabaya kuliko yote ya mwezi ule. Hayo ni ya kufulia, kudekia na kumwagilia mchicha. Ya kunywa yakingwe baadaye, yakishakuwa maangavu.

Kutoka bombani maji hupanda kwenye simtanki, ambalo katika nyumba nyingi za kupanga halijawahi kuoshwa tangu lipandishwe kule juu. Au huingia kwenye boza, kisha kwenye madumu ya njano ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kula, yakapakiwa kwenye mkokoteni. Muuza maji akifika mlangoni hushika mdomo wa dumu kwa kiganja kilichokuwa kinasukuma mkokoteni tangu alfajiri. Ndani, maji humiminwa kwenye ndoo. Kata inaning'inia ukutani. Mtoto anatoka kucheza, anaishika, anaizamisha pamoja na vidole vyake vinne, anakunywa, anairudisha ukutani na kukimbia tena nje. Utafiti mmoja uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 uliwapima watu viganja na kupima maji yaliyohifadhiwa majumbani mwao, ukaona kwamba uchafu wa kinyesi mikononi na uchafu wa majini huenda pamoja. Mama yeyote mwenye watoto angeweza kuwaambia hivyo bila maabara, lakini ni vizuri imepimwa.

Ndiyo maana kuchemsha ni nusu tu ya kazi. Maji yakichemka hadi yakatokota vizuri kwa dakika moja, vijidudu vya kuhara vimekufa. Ukiwa nyanda za juu kupita mita 2,000 ongeza zifike tatu. Wengi wetu tumefundishwa kuyaacha jikoni robo saa na zaidi ili tuwe na uhakika. Uhakika huo unateketeza mkaa, na wiki mkaa unapopanda bei, kuchemsha kunaachwa kabisa. Afadhali dakika moja kila siku. Baada ya hapo yapoe ndani ya sufuria ileile ikiwa imefunikwa, yamiminwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki na mfuniko. Koki ya plastiki haina bei ya kutisha, fundi yeyote wa bomba anaifunga, nayo inaiondoa kata nyumbani moja kwa moja. Mtungi wa udongo wa bibi zetu ulipoza maji vizuri sana, nami sina neno nao isipokuwa mdomo wake: lazima uchote, na ukichota umerudi kwenye vidole.

Klorini ina faida ambayo moto hauna: hubaki majini ikiendelea kulinda baada ya mtu kuchota. Kidonge kimoja cha WaterGuard hutosha ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa, basi. Maji yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope huimaliza nguvu klorini. Kinachowakera watu ni harufu, na kero hiyo tusiidharau. Maji yakiachwa usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, harufu hupungua. Kule magharibi mwa Kenya, watafiti wakiwamo Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, waliona kwamba watu wachache hununua klorini dukani hata ikiwa rahisi, lakini ikifungwa bure kwenye kisanduku pale pale kisimani, wengi huitumia. Mtu amekwishabeba ndoo, kisanduku kiko mbele yake, jirani anamwona. Tumeshinda tukiwahubiria watu tabia, kumbe wakati mwingine kinachotakiwa ni kuhamisha kisanduku.

Asiye na mkaa wala kidonge ana jua. Chupa angavu ya plastiki, iliyooshwa na kujazwa maji yasiyo na tope, ikilazwa kwenye bati saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, vijidudu hufa. Njia hii imejaribiwa sana, Kibera ikiwamo. Haifai kwa familia ya watu kumi, lakini kwa mwanafunzi wa chumba kimoja inatosha.

Kuna maji ambayo kuyachemsha ni kuyazidishia ubaya. Zunguka Mlima Meru, vijiji vya Arumeru, ushuke hadi sehemu za Kilimanjaro na Manyara, utaona meno ya kahawia tangu utotoni, na mahali pengine watoto wenye miguu iliyopinda. Ni floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Maji yenyewe ni maangavu, baridi, matamu, yanatoka mlimani, mgeni huyasifia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, nasi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4 kwa sababu ya kukosa vyanzo vingine. Ukiyachemsha, maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale, kwa hiyo unachokunywa kina floraidi nyingi zaidi. Klorini haiigusi, kitambaa hakiizuii, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage huongeza nyingine. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyoinasa. Njia nyingine rahisi ni maji ya mvua: paa la bati, mfereji safi, tanki lililofunikwa, na mvua ya kwanza iachwe ioshe bati. Kwa maeneo haya ningeweka kipaumbele kwa watoto, kwa sababu meno ya kudumu yakishaota na madoa, hayarudi yalivyo.

Pwani tuna chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina ladha yake, na mtu wa presha anayejinyima chumvi kwenye mboga huku akinywa maji hayo asubuhi na jioni anajidanganya bila kujua. Hapa pia moto hausaidii.

Wasiwasi wote huu ndio uliojenga soko la maji ya chupa. Zamani kidogo asiye na uwezo alikuwa na maji ya kandoro, vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa fundo, vya baridi, vya shilingi chache. Bei ilikuwa ya haki, ila jikoni yalikojazwa hakuna mnunuzi aliyepaona. Chupa inatoa angalau anwani ya kulalamikia. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo alama ya TBS ndiyo ya kuitafuta, pamoja na tarehe na kizibo kinachokatika kwa mlio unapokifungua. Kisipolia, rudisha, hata kama basi linaondoka. Yale majagi makubwa ya lita 18.9 ya ofisini yana tatizo lao: maji ni mazuri, lakini kile kifaa yanachopinduliwa juu yake kimekaa mwaka mzima bila kusuguliwa. Fungua siku moja uone utelezi uliomo ndani, halafu uamue.

Na vinywaji vingine? Soda ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, au zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu na soda moja ya mchana zinakuweka ukingoni kabla hujagusa andazi. Juisi ya boksi haina tofauti kubwa na soda, picha ya embe isikudanganye. Juisi ya miwa ni sukari, na tangawizi na ndimu haziibadilishi. Ila hatari yake ya haraka ni barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyojulikana, na lile tambara linalofuta mashine, glasi na jasho kwa zamu. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vipenzi vya madereva wa malori na bodaboda, kopo la mililita 250 huwa na kafeini ya kama kikombe kimoja cha kahawa juu ya sukari ya soda. Havimwondolei dereva uchovu, vinamficha asiuone.

Kahawa chungu ya kijiweni, kwa upande wake, imechemka sawasawa na haina sukari zaidi ya kashata unayoitafuna. Ningeiita kinywaji salama kuliko vyote vya barabarani, kama vikombe visingesuuzwa vyote kwenye kopo moja la maji. Chai nayo ni salama kwa sababu hiyohiyo ya moto. Jambo moja tu: ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani. Mama mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu waisogeze mbali na mlo, kama saa moja hivi.

Dafu limezibwa na Mungu, na muuzaji akitumia panga safi hakuna kinachoingia. Lina potasiamu nyingi na sukari kiasi. Mgonjwa wa figo alikwepe hadi aseme na daktari wake, kwa sababu potasiamu hiyo inaweza kumdhuru moyo. Pia lisitumiwe badala ya maji maalumu ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, kwa kuwa sodiamu yake ni ndogo. Pakiti ya dawa hiyo ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na safari ya kituo cha afya ianze.

Kinywaji ninachokipigia debe ni togwa. Watu wa Ruvuma, Iringa na Morogoro hawahitaji kuambiwa. Uji wa mahindi au ulezi unapikwa, unatiwa kimea, unachachushwa kidogo. Uchachu unaotokea huwazuia bakteria wengi wa kuhara wasistawi. Kwa hiyo kimepitia moto, kisha kikawekewa ulinzi, jambo ambalo maji yaliyochemshwa hayana. Kinashibisha, kinapoza, na kikiwa cha nyumbani sukari unaipima mwenyewe. Mtindi una hoja ileile. Ukwaju, ubuyu na rosela ni vizuri pia, alimradi maji yake yalichemka na mkono wa sukari haukuteleza.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mtu akishapata kinywaji kizuri atakinywa. Waulize akina mama wanaouza nyanya sokoni. Wengi hawanywi maji kutwa nzima kwa makusudi, kwa sababu choo kiko mbali, kinalipiwa kila unapoingia, na meza haina wa kuiangalia. Abiria wa basi la Mwanza naye hujinyima tangu usiku, akiogopa kuombea gari lisimame achimbe dawa mbele za watu. Msichana wa shule hufanya vivyo hivyo kama vyoo havina mlango. Matokeo ni kichwa kinachouma, choo kigumu, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi kila mara, yanayotibiwa kwa antibiotiki huku chanzo kikiachwa palepale. Kampeni yoyote ya kunywa maji isiyozungumzia vyoo ni maneno ya watu wenye choo ofisini.

Upande wa sera, kuna jambo linanikera. Tanzania na Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwenye maji ya chupa kama zinavyotoza kwenye soda. Viwango havilingani, lakini wazo lenyewe limepinda: kinywaji tunachowaomba watu wakichague kinalipiwa ushuru wa anasa. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji cha sukari, na mwaka wa kwanza ununuzi ukapungua kwa takriban asilimia 6, wakati maji yakiongezeka. Afrika Kusini ikafuata mwaka 2018. Sipendi kodi inayomwadhibu maskini kwa kiu yake, na kupandisha bei ya soda mahali ambapo jagi haliaminiki ni adhabu hasa. Kodi hiyo itakuwa halali pale tu fedha yake itakapoonekana: koki ya maji yaliyotiwa klorini kila soko na kila kituo cha basi, na vyoo vya bure pembeni yake.

Bajeti husomwa kila Juni. Wabunge wetu, ondoeni ushuru kwenye maji, uacheni kwenye sukari, na andikeni kwenye sheria hiyohiyo kwamba shilingi ya soda ijenge koki na choo kwenye soko lilelile ilikotoka.